Florida walikata kodi ya mamlaka za maji mwaka 2011, gharama ya mto ikaenda wapi? Kisa cha Kissimmee

Mwaka 2011 bunge la jimbo la Florida kule Marekani lilipitisha sheria inaitwa SB 2142, gavana Rick Scott akaisaini, na kilichotikisa sekta ya maji humo ni kipengele kimoja, kuweka ukomo wa hela ambazo mamlaka za maji za kanda zinaruhusiwa kukusanya kupitia kodi ya majengo na ardhi. Haikuandikwa kufuta mradi wa mto wowote. Ila mimi naihesabu kuwa sheria ya mito kabisa, pengine nzito kuliko nyingi zilizobeba jina la mito, kwa sababu iligusa mfuko ambao mito ile ilikuwa inaishi humo, na miaka yote iliyofuata jimbo limehangaika kutafuta hela sehemu nyingine za kuziba pengo. Gharama haikupungua, ilihama. Ilitoka kwenye kodi tulivu ya kanda ikaenda kwenye hela za jimbo ambazo wanasiasa wanaziamua upya kila mwaka, na huko kuhama kwenyewe kuna bei yake, ndo nataka tuiangalie vizuri.

Kwanza mfumo wenyewe maana bila huo kisa hakieleweki. Florida ina mamlaka tano za usimamizi wa maji, na mipaka yake inafuata mabonde ya mito na maji ya ardhini, haifuati mipaka ya kiutawala, kwa hiyo wilaya moja ya kiserikali inaweza kukatwa katikati nusu ikawa kwa mamlaka hii nusu kwa ile. Mfumo huu ulitokana na sheria ya maji ya 1972, afu mwaka 1976 wapiga kura wakakubali kubadilisha katiba ya jimbo ili mamlaka hizi ziwe na kodi yao wenyewe, ukomo wa mili 1, isipokuwa ile ya kaskazini magharibi ambayo iliwekewa mili 0.05 tu. Mili ni dola 1 kwa kila dola 1,000 ya thamani ya mali inayotozwa kodi. Wajumbe wa bodi hawapigiwi kura, wanateuliwa na gavana na seneti ya jimbo inawathibitisha, na hili likumbuke kwa sababu ndo lilikuja kuwa silaha ya waliotaka kodi ishuke, yaani kwa nini watu ambao hatukuwachagua watutoze.

Kubwa kuliko zote ni ile ya kusini, South Florida Water Management District, inahudumia kaunti 16 kuanzia maeneo ya Orlando mpaka visiwa vya Keys, ina maili zaidi ya 2,000 za mifereji, ina mageti, pampu, makingio ya mafuriko, na ndiyo mshirika wa serikali kuu kwenye kazi ya kurudisha uhai wa mto Kissimmee na wa Everglades, lile eneo kubwa la ardhi oevu kusini mwa Florida. Kwa hiyo ukibana mfuko wa mamlaka hii, unabana vitu viwili kwa mpigo, kuzuia mafuriko na kurudisha mito, na vyote viwili vinagombania shilingi ileile, sorry, dola ileile.

Sasa Kissimmee. Huu mto zamani ulikuwa unajipinda pinda maili 103 kutoka ziwa Kissimmee mpaka ziwa Okeechobee, na pembeni yake kulikuwa na bonde la mafuriko pana maili 1 mpaka 3 ambalo maji yalikuwa yanakaa humo miezi mingi ya mwaka, ndege, samaki, majani, kila kitu kinategemea huo upandaji na ushukaji wa maji. Mwaka 1947 zikapiga tufani, mafuriko makubwa, watu wakalia wasaidiwe na walikuwa na haki ya kulia, mwaka 1948 likaanzishwa lile dude kubwa la kudhibiti maji ya kati na kusini mwa Florida, na kati ya 1962 na 1971 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kikachimba mfereji ulionyooka katikati ya bonde, unaitwa C-38, maili 56, kina futi 30, upana kama futi 300. Mto wa maili 103 ukawa mfereji wa maili 56. Gharama ya kuchimba hutajwa kuwa kama dola milioni 35 za wakati ule.

Madhara hayakuchelewa. Ndege wa majini waliokuwa wanakuja kukaa kipindi cha baridi walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, ardhi oevu ya makumi ya maelfu ya ekari ikakauka ikawa malisho, maji kwenye mfereji hewa yake ikawa ndogo samaki wanaotaka maji safi wakapotea, na uchafu uliokuwa unachujwa na yale majani ya bondeni ukawa unateremka moja kwa moja mpaka ziwa Okeechobee. Mwaka 1976, miaka mitano tu baada ya mfereji kukamilika, bunge hilohilo la Florida likapitisha sheria ya kuurudisha mto. Miaka mitano! Yaani rangi ya mageti haijachakaa watu wameshaanza kutafuta namna ya kufukia walichochimba.

Kutoka hapo ikawa safari ndefu. Majaribio miaka ya 80, kongresi ya Marekani ikaidhinisha mradi mwaka 1992, kazi ya kufukia ikaanza 1999, mwaka 2000 geti moja kubwa la S-65B likalipuliwa kwa baruti, na Julai 2021 wakatangaza ujenzi umekwisha. Kilichofanyika ni kufukia maili 22 za mfereji kwa udongo uleule uliochimbwa na kulundikwa pembeni miaka ya 60, mto ukarudishiwa maili 44 za mkondo wake wa kujipinda, na ardhi oevu ya kama maili 40 za mraba ikapata maji tena. Bei yake inakaribia dola bilioni 1. Mgawanyo nusu kwa nusu, nusu serikali kuu, nusu mamlaka ya kusini. Na kabla hujafukia chochote lazima ununue ardhi, kwa sababu ukirudisha maji bondeni yanaenda kuingia kwenye mashamba ya watu, kwa hiyo zilinunuliwa ekari zaidi ya laki moja, na kazi hiyo ya kununua mzigo wake mkubwa uliangukia upande wa Florida.

Milioni 35 kuharibu, karibu bilioni 1 kurudisha. Najua dola ya 1965 siyo dola ya 2015, bei zilipanda sana hapo kati, ila hata ukirekebisha kwa mfumuko wa bei bado pengo ni kubwa mno, na sehemu kubwa ya pengo ni ardhi ambayo watu walishaijaza shughuli zao baada ya kuambiwa imekauka. Hiki ni kitu ambacho watunga bajeti huwa hawakiweki kwenye jedwali, kwamba kila mwaka unaochelewa bondeni wanaongezeka watu na mali, na bei ya kurudisha inapanda na wao.

Turudi kwenye kodi. Mwaka wa bajeti 2010-11 mtu aliyekuwa kwenye bonde la Okeechobee alikuwa anatozwa na mamlaka ya kusini jumla ya mili 0.6240. Ilikuwa na vipande vitatu, mili 0.2549 ya mamlaka nzima, mili 0.2797 ya bonde, na mili 0.0894 ya ujenzi wa Everglades. Mwenye nyumba ambayo baada ya misamaha thamani yake ya kodi ni dola 100,000 alilipa dola 62.40 kwa mwaka. Baada ya SB 2142 vile vipande vitatu vikawa 0.1785, 0.1954 na 0.0624, jumla 0.4363. Mtu yuleyule akalipa dola 43.63. Kaokoa dola 18.77 kwa mwaka mzima, haifiki hata dola 2 kwa mwezi.

Kwa upande wa pili wa kaunta, sheria iliweka ukomo wa makusanyo kwa kila mamlaka mpaka dola ya mwisho, ya kusini ilipewa dola 284,901,967, ya St. Johns kaskazini mashariki dola 85,335,619, ya kusini magharibi dola 107,766,957, na zile mbili ndogo za kaskazini chini ya milioni 6 kila moja. Jumla ya punguzo kwa jimbo zima ilitangazwa kuwa kama dola milioni 210 kwa mwaka. Kwa ya kusini peke yake punguzo la asilimia 30 ukipiga hesabu linakuja kama milioni 120 kila mwaka. Hapo ndo ugumu wa kuitetea kodi ya namna hii ulipo: kwa mwenye nyumba ni kitu kidogo ambacho hata hakisikii kikiongezeka wala kikipungua, kwa mto ni tofauti kati ya mradi kwenda na mradi kusubiri, na kwa mwanasiasa ni sentensi nzuri sana ya kampeni.

Niwe wa haki hapa. Waliopitisha punguzo walikuwa na hoja na siyo zote zilikuwa dhaifu. Soko la nyumba lilikuwa limeanguka, watu wanapoteza nyumba, ukosefu wa ajira Florida ulikuwa mbaya. Mamlaka zilikuwa zimejilimbikizia akiba. Na ya kusini ilikuwa imetoka kwenye ule ununuzi wa ardhi ya kampuni ya sukari, U.S. Sugar, ambao ulitangazwa 2008 kwa dola bilioni 1.75 kwa ekari 187,000, ukapunguzwa tena na tena mpaka Oktoba 2010 zikanunuliwa ekari 26,800 kwa dola milioni 197. Kwa mtu wa nje lile lilionekana kama taasisi isiyochaguliwa inayocheza na mabilioni, na swali la nani anawadhibiti lilikuwa swali halali kabisa. Ninachopinga ni jibu. Swali lilikuwa la udhibiti, jibu likawa la kukata makusanyo, na hivyo ni vitu viwili tofauti, unaweza ukamdhibiti mtu bila kumnyang'anya mfuko, na unaweza ukamnyang'anya mfuko bila kumdhibiti chochote.

Matokeo ya haraka yalionekana mwaka huohuo. Bajeti ya mamlaka ya kusini ilikuwa imepita dola bilioni 1 mwaka wa 2010-11, mwaka uliofuata ikawa kama milioni 576. Usikimbilie kusema nusu nzima ilikatwa na SB 2142, siyo kweli, ile ya kwanza ilikuwa imevimba kwa hela za ardhi na miradi zisizojirudia kila mwaka, na thamani za mali zilishaanza kushuka zenyewe kabla bunge halijagusa kitu. Watu wengi walioandika kuhusu kisa hiki huwa wanachanganya hapo, wanachukua namba mbili za jumla wanatoa moja kwenye nyingine wanasema haya ndo madhara ya sheria. Madhara ya sheria ni ile milioni 120 hivi inayojirudia. Na inayojirudia ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mradi wa mto unajengwa kwa miaka 20 au 30, hauishi kwa hela ya msimu.

Wafanyakazi zaidi ya 100 wa mamlaka ya kusini waliachishwa kazi na wengine wakaondoka wenyewe kwa malipo ya kuondoka. Mtu akisikia hivyo anafikiria makarani, lakini taasisi kama hii hazina yake kubwa ni watu wanaojua geti gani lifunguliwe lini, wanaopima maji mwaka hadi mwaka, wanaojua kwa nini mwaka fulani ndege walirudi na mwaka mwingine hawakurudi. Mradi wa Kissimmee unasifiwa duniani kwa sababu walianza kupima kabla ya kufukia, wakaendelea kupima baada ya kufukia, ndiyo maana leo wanaweza kusimama mbele ya wabunge wakasema hewa kwenye maji imepanda na ndege wa maji wamerudi. Kazi ya kupima haina utepe wa kukata siku ya ufunguzi, na kwenye kila bajeti inayobanwa ambayo nimewahi kuisoma ndiyo inayotazamwa kwanza na mwenye mkasi.

Akiba nazo zikaanza kuliwa, na huko wengine walipaona kama ushahidi kwamba mamlaka zilikuwa na hela za ziada tangu mwanzo. Akiba ya kujengea ukiitumia kuendesha ofisi unakula mbegu. Mwaka wa kwanza shamba linaonekana liko vilevile.

Ukomo wenyewe haukudumu. Mwaka 2012 bunge likapitisha SB 1986 ikafuta zile namba za ukomo, na kwenye karatasi bodi zikarudishiwa uwezo wa kupanga kodi zao. Ila kilichobaki ndo kizito: mamlaka zinatakiwa kupeleka rasimu ya bajeti bungeni kila Januari kabla mwaka wao wa bajeti haujaanza Oktoba, bunge linaipitia, gavana ana mamlaka ya kukataa vipengele, na baadhi ya matumizi, kwa mfano kununua kipande cha ardhi cha zaidi ya dola milioni 10, yanaweza kukataliwa na tume ya bajeti ya bunge. Kwa mtazamo wangu hii sheria ya pili ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza. Ingekuja hii peke yake mwaka 2011, swali la udhibiti lingekuwa limejibiwa na makusanyo yangebaki. Ilipokuja baada ya punguzo ilikuta kiwango kimeshashuka, na kiwango kikishashuka kukirudisha ni kuongeza kodi, na hakuna mteule wa gavana aliyeahidi kupunguza kodi atakayenyoosha mkono.

Na kweli kwa miaka mingi hawakunyoosha, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja inasema mengi. Sheria za kodi Florida zina kitu kinaitwa kiwango cha kurudi nyuma, yaani kiwango ambacho kikitozwa kwenye mali zilezile za mwaka jana kinaleta hela ileile ya mwaka jana, bila kuhesabu majengo mapya. Nyumba zikipanda bei, kiwango lazima kishuke ili makusanyo yabaki palepale. Julai 2015 bodi ya kusini ilipiga kura kubakisha kiwango kilekile cha mwaka uliotangulia badala ya kushuka, ambayo kwa lugha ya sheria inatangazwa kama ongezeko la kodi hata kama namba haijabadilika. Wiki mbili baadaye walikutana tena wakageuza kura yao. Walikuwa chini ya presha kubwa ya kisiasa, na kiwango kikashuka. Ukifuatilia kutoka 0.4363 ya 2011-12 utakuta kinateremka kila mwaka bila kupumzika mpaka 2022-23, 2015-16 kiko 0.3551, 2019-20 kiko 0.2795, 2022-23 kiko 0.2301. Sasa sehemu kubwa ya huo mteremko ni hesabu tu, nyumba zimepanda bei, makusanyo hayajaporomoka, lakini maana yake ni kwamba miaka hiyo makusanyo yalikwama karibu na ule ukomo wa 2011 yakiongezwa na majengo mapya peke yake, wakati saruji, dizeli, mishahara ya mainjinia na bei ya ardhi havikukwama. Ukomo ulifutwa kwenye vitabu ukabaki kwenye tabia ya bodi.

Lile pengo likajazwa na nini? Hapa ndo kisa kinanoga kwa mtu anayependa bajeti. Mwaka 2012 jimbo lilikubaliana na serikali kuu kuhusu mpango wa dola milioni 880 wa kusafisha maji yanayoingia Everglades, baada ya miaka mingi ya kesi mahakamani, na mzigo ukawekwa kwa mamlaka ya kusini, ileile iliyotoka kukatwa mwaka mmoja nyuma. Mwaka 2013 bunge likapitisha sheria ya kutoa dola milioni 32 kila mwaka kutoka jimboni kusaidia mpango huo. Miaka miwili tu baada ya punguzo! Mwaka 2014 wananchi wenyewe wakaingilia, wakapigia kura marekebisho ya katiba, asilimia 75 wakasema ndiyo, kwamba kwa miaka 20 theluthi moja ya kodi ya stempu inayotozwa mali ikibadilisha mikono iende kwenye maji na ardhi. Mwaka 2016 ikaja sheria iliyotenga kutoka kwenye mfuko huo dola milioni 200 kwa mwaka au asilimia 25, ipi ndogo, kwa ajili ya Everglades, pamoja na kiasi cha mpaka milioni 50 kwa chemchemi na milioni 5 kwa ziwa Apopka. Mwaka huohuo 2016 mwani wenye sumu ulijaa mpaka hali ya dharura ikatangazwa kwenye kaunti nne. Mwaka 2019 gavana mpya, Ron DeSantis, akatoa amri ya kutaka dola bilioni 2.5 kwa miaka minne kwa Everglades na maji.

Jumlisha hizo uone. Jimbo lililookoa milioni 210 kwa mwaka kwenye kodi ya kanda limeishia kutoa mamia ya milioni kwa mwaka kutoka hazina yake kwa kazi zilezile au za jirani. Mtu anaweza kusema basi tatizo liko wapi, hela si imerudi? Imerudi ikiwa na sura nyingine, na sura hiyo ina mambo matatu yananisumbua.

Nani analipa. Kodi ya zamani ililipwa na wenye mali walioko ndani ya bonde linalonufaika, watu ambao nyumba zao zimesimama mahali palipokuwa bwawa na zinakaa kavu kwa sababu pampu zinafanya kazi. Kodi ya stempu inalipwa na anayenunua au kuuza nyumba mwaka huo, popote jimboni, awe mjini Jacksonville au kijiji cha kaskazini ambako maji ya Kissimmee hayafiki kamwe. Kuna hoja kwamba Everglades ni ya jimbo zima, naikubali nusu, lakini geti la kuzuia mafuriko la Miami siyo la jimbo zima.

La pili ndo linaniuma zaidi, utulivu. Kodi ya stempu inafuata soko la nyumba kama kivuli. Kwenye kilele mwaka wa bajeti 2005-06 ilileta kama dola bilioni 4, miaka mitatu baadaye 2008-09 ikaleta kama bilioni 1.1. Kodi ya thamani ya mali nayo iliyumba kipindi hicho ila haikuwahi kuanguka kwa kiasi cha namna hiyo, maana nyumba isiyouzwa bado ipo na bado inatozwa. Florida walishaumia kwa hili kabla: programu yao ya kununua ardhi ya hifadhi ilizoea dola milioni 300 kwa mwaka, soko likaanguka, kuanzia 2009 ikashuka mpaka karibu na sifuri. Mto hauwezi kusubiri watu waanze kununua nyumba tena.

Na la tatu ni ugomvi wa hela ndani ya hela. Fedha ikiwa kwenye mfuko wa jimbo kila mwaka kuna mtu anaona pa kuipeleka. Mwaka 2015 makundi ya mazingira yalilishtaki bunge kwamba linatumia zile hela za katiba kulipia shughuli za kawaida za idara zilizokuwa zikilipwa na mifuko mingine, jaji mmoja akawapa ushindi 2018, mahakama ya rufaa ikatengua 2019. Simchambui jaji yeyote hapa, ninachosema ni kwamba miaka minne ya mawakili juu ya maana ya kutenga ni kitu ambacho kodi ya kanda yenye bodi yake na vikao vyake haikuhitaji. Kikao cha bodi cha kupitisha kodi kinafanyika Septemba, mara mbili, kwa sheria lazima kianze baada ya saa kumi na moja jioni ili mtu atoke kazini afike, anasimama mkulima, anasimama mvuvi, anasimama mwenye nyumba, wanabishana mbele ya watu watakaopiga kura usiku uleule. Ukihamishia uamuzi Tallahassee, makao makuu ya jimbo, mkulima yule anahitaji mtu wa kumsemea.

Kwa Kissimmee wenyewe, ujenzi ulikamilika pamoja na yote haya, na naheshimu sana waliouvusha. Nusu ya serikali kuu ilisaidia kuushikilia kwa sababu ukishasaini mkataba wa nusu kwa nusu ni ngumu kurudi nyuma, na ardhi nyingi ilikuwa imeshanunuliwa kabla ya 2011 kwa programu za zamani kama ile ya 1981 ya kuokoa mito. Bahati ya ratiba hiyo. Miradi ya baadaye kwenye Everglades haikuwa nayo, ule mpango mkubwa wa mwaka 2000 ulianza na makadirio ya dola bilioni 7.8 nusu kwa nusu, sasa hivi unazungumziwa kwa zaidi ya bilioni 20, na kila mwaka upande mmoja ukichelewa kuweka nusu yake, upande mwingine nao una sababu ya kuchelewa.

Mtu akiniuliza ningeandika nini kwenye sheria badala ya SB 2142, ningeacha kodi iwe ya kanda, ningeweka ukaguzi wa bunge kama ule wa 2012, na ningeruhusu makusanyo yapande kwa mfumuko wa bei bila kuyaita ongezeko la kodi kwenye tangazo la Agosti linalotumwa kwa kila mwenye nyumba, kwa sababu neno hilo moja kwenye barua ndo linaua kila bodi yenye nia njema. Na ningetenganisha kabisa hela ya kujenga na hela ya kutunza. Hela ya kujenga inaweza kutoka jimboni, wanasiasa wanaipenda, ina picha. Hela ya kutunza ibaki kwenye kodi isiyotegemea hisia za mwaka huo.

Maana mto uliorudishwa bado unahitaji mtu. Magugu vamizi yanaota kwenye bonde kila msimu na lazima yapigwe, mageti ya juu kwenye maziwa ya chanzo lazima yafunguliwe kwa ratiba mpya ili maji yafike bondeni kwa wakati unaofanana na wa zamani, vipimo vya ndege na samaki lazima viendelee miaka kadhaa ndo ijulikane kama zile maili 44 zinafanya kazi kama ilivyotarajiwa. Kazi hizo ziko mikononi mwa mamlaka ya kusini, na sehemu kubwa ya hela zake za uendeshaji bado inatoka kwenye ile kodi ya mali ambayo kiwango chake mwaka 2022-23 kilikuwa dola 23.01 kwa kila dola 100,000, na kinapigiwa kura upya kila Septemba.